Mchoraji hakulikimbia darasa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mafunzo ya video

Waheshimiwa wasimamizi,

Shikamooni wakubwa zangu, na walio wa rika langu, habari za kazi.

Mimi ni mchoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga. Nachorea Msasani, karibu na Morogoro Stores, mahali ambapo picha za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe zilikuwa zikiuzwa nje ya duka. Nilikuwa mmoja wa wasanii 14 wa awamu ya kwanza ya mafunzo yenu ya video, na ni mmoja wa watano tuliofika mwisho. Cheti mlichonipa nimekitia fremu niliyoigonga kwa mkono wangu, kipo ukutani juu ya makopo ya rangi.

Nawaandikia kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa wiki iliyopita kwenye ukuta wa banda letu. Ni tangazo la awamu ya pili. Nililisoma kwa sauti, maana wenzangu walikuwa na rangi mikononi. Mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Awe na kompyuta mpakato yake. Ajaze fomu ya Kiingereza mtandaoni na aambatishe video alizowahi kutengeneza. Ahudhurie kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki nane. Nilipomaliza kusoma hakuna aliyesema kitu. Mmoja alichovya brashi akaendelea na shingo ya twiga wake.

Siku mbili baadaye nikaisikia sababu. Kwenye kikao cha tathmini, ambacho sisi wahitimu hatukuitwa, ilisemwa kwamba wachoraji na wachongaji hawana mwamko: waliletwa 14, tisa wakakimbia. Kwa hiyo safari hii nafasi zitolewe kwa vijana ambao tayari wanapiga video za harusi na za muziki, maana hao watamaliza.

Sina ugomvi na vijana hao. Kazi yao naijua, wanakesha ukumbini na begi la kamera mgongoni na kesho yake wanadaiwa video. Lakini mafunzo haya yalianzishwa kwa ajili ya wasanii wa sanaa za ufundi wa mtaani. Hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa kwenye bango siku ya uzinduzi, na nilisimama chini yake nikapigwa picha. Na wale tisa nawajua mmoja mmoja. Hakuna aliyelikimbia darasa. Naomba mnisikilize niwaeleze walikwenda wapi.

Mchoraji wa bandani hana mshahara, anakula picha. Asubuhi anapiga rangi ya chini kwenye ubao, au kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu. Tuseme ni bluu: inaanza nzito juu, ikishuka inachanganywa na nyeupe zote zikiwa mbichi, mpaka zinakuwa kama anga la alfajiri. Ikifika hapo hana la kuifanya tena picha hiyo. Ni rangi ya mafuta, ndugu ya ile mnayopakia mageti yenu, lazima iachwe ikauke, na wakati wa masika inaweza kulala siku mbili. Ndiyo maana hachori picha moja. Ana nane au kumi, kila moja na hatua yake: hii inasubiri wanyama, ile wanyama wameshakauka inasubiri madoadoa, nyingine imebaki sahihi tu. Akikosekana asubuhi tatu mfululizo mnyororo wote unakatika, na Jumamosi hana picha ya kumpelekea mwenye duka. Na Jumamosi ndiyo siku ya kodi, ya deni la mama lishe, ya nauli za watoto za wiki nzima.

Mwenzetu mmoja, fundi wa chui, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote darasani. Mwalimu mwenyewe alisema hivyo mbele yetu. Siku ya nne alipigiwa simu: oda ya picha ndogo 30 kwa duka la watalii, zinatakiwa ndani ya siku kumi. Oda ya namna hiyo alikuwa hajaipata tangu mwaka uanze. Akamfuata msimamizi, akaomba awe anakuja mchana tu kwa wiki mbili, na vipindi vya asubuhi atafundishwa na sisi wenzake jioni. Akajibiwa kwamba ratiba ni ratiba. Kwenye daftari la mahudhurio jina lake liliandikwa mtoro. Usiku wa siku hiyohiyo nilipita bandani saa tano, nikamkuta amekaa chini ya taa ya chaji, picha 11 zimepangwa sakafuni, anatia madoa ya chui moja baada ya nyingine.

Wachongaji wawili wa Mwenge waliacha kwa sababu ya nauli. Wanaishi Mbagala, ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, posho hakuna, chakula cha mchana kila mtu na mfuko wake. Mwingine aliuguliwa na mama yake. Wengine katika wale tisa, hadithi zao hazitofautiani sana na ya fundi wa chui, isipokuwa mmoja aliyeondoka kwa aibu, baada ya kuambiwa mbele ya watu aandike maelezo ya mradi wake kwa Kiingereza. Aliishia darasa la saba, kama wengi wetu. Kuandika kwa Kiswahili anaandika vizuri, hati yake inasomeka kuliko yangu.

Sasa iangalieni ile rangi inayokauka. Ndani ya siku ya mchoraji kuna pengo, na pengo lenyewe linajulikana. Kuanzia kama saa tisa alasiri rangi ya asubuhi bado mbichi, na picha za jana zimeshashughulikiwa. Watu wanakaa. Wanacheza drafti, wanakunywa kahawa, wanagonga fremu za kesho. Saa tisa hadi saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki, palepale bandani au kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa: hiyo ndiyo ratiba ambayo ingewabakiza wengi wa wale tisa. Ilitakiwa mtu mmoja tu aje akae nasi siku moja kabla ya kupanga, aone tunavyofanya kazi.

Na mafunzo yenyewe ni mazuri. Nataka hili liandikwe wazi, kwa sababu naomba yaendelee. Nimeshika brashi miaka 22 na wiki zile zilinifungulia kitu.

Darasani tulikuwa na mzee mmoja wa miaka 58, simu yake kitochi. Wiki ya kwanza tulikuwa tunafundishwa kuiambia kamera kipi ni cheupe. Kijana aliyetufundisha alieleza kwa uvumilivu: mwanga wa jua una namba yake, wa taa ya tyubu una yake, usipoibadilisha rangi zote zinadanganya. Tulikuwa tumemkodolea macho. Mzee akainuka, akatoka nje, akarudi na kipande cha hadibodi kilichopakwa nyeupe tupu, ukubwa wa viganja viwili. Akakisimamisha chini ya ile tyubu, mbele ya kamera. Akasema, "Nyeupe hii hapa ina ukijani. Nikichora usiku chini ya taa hizi, asubuhi namkuta pundamilia wangu ana wekundu, maana usiku kucha nilikuwa nabishana na taa." Mwalimu alimtazama, akabonyeza kitufe, na picha kwenye kioo ikatulia, nyeupe ikawa nyeupe. Tangu siku ile darasa zima lilitumia hadibodi ya mzee.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya mpingo. Mpingo unameza mwanga. Ukiuelekezea taa usoni, kamera haioni kinyago, inaona doa jeusi. Tulihangaika karibu saa nzima. Mchongaji mmoja, ambaye wiki iliyofuata nauli ilimshinda, akaishusha taa mpaka usawa wa benchi na kuiweka ubavuni, mwanga ukapita juu ya mti kama unavyopita juu ya maji, na kila mkato wa tezo ukatoa kivuli chake. Tuliona mbavu, tuliona vidole vya mtoto vimeshika bega la bibi. Nilimuuliza amejuaje. Akaniambia ndivyo anavyokagua kazi kila siku kabla ya kupiga msasa: anaipeleka mlangoni jua likiwa la upande.

Na kuchora mpangilio wa video, ile mnayoiita storibodi, mwalimu alitupa siku mbili. Tulimaliza kabla ya chai ya saa nne. Mtu aliyezoea kumweka tembo mzima ndani ya futi mbili kwa mbili, bila kumkata mkonga na bila kuacha kona tupu, hasumbuliwi na fremu ya kamera.

Kwa hiyo mnaposema mnataka watu wenye uzoefu, uzoefu huo upo, ila hauwezi kuambatishwa kwenye fomu kama kiungo cha video. Vitufe vya kamera tulivijua kwa wiki mbili. Kuuona ukijani ndani ya nyeupe kumemchukua mzee yule miaka 30, na aliwaletea darasani bila kudai chochote.

Nije kwenye umri, jambo linaloniumiza kuliko yote kwenye tangazo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Hesabuni: alikuwa na miaka kama 36. Kwa sharti lenu asingepokelewa. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu, na kwa miaka hiyo minne mimi leo nasomesha watoto.

Sijawahi kuona video ya mkono wake ukifanya kazi. Tulicho nacho kimetufikia kupitia waliokaa ubavuni pake, akina January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Nao wakawafundisha wengine, na wengine wakatufundisha sisi. Hadibodi ya mraba, rangi ya baiskeli, mnyama amejaa ubao mzima. Zaidi ya hapo ni masimulizi. Nimewahi kuwasikia wazee wawili wakibishana mchana kutwa kama alikuwa akianza na mgongo wa mnyama au na jicho. Kila mmoja alikuwa na uhakika, kila mmoja aliambiwa na mwalimu wake, na hakuna cha kuwaamulia.

Wapo leo wazee waliofundishwa na wanafunzi wake. Wana miaka 60, wengine wamepita 65. Mmoja mtoto wa jicho umemwanza, sasa anachora kwa kuinamia ubao mpaka pua inakaribia kugusa rangi. Hawa ndio wanaopaswa kurekodiwa mwaka huu, si mwaka ujao. Na wanaopaswa kuwarekodi ni wanafunzi wao, kwa sababu mwanafunzi anajua sekunde gani ya kutopepesa. Mgeni akija na kamera anaielekeza kwenye uso wa mzee na makunyanzi yake, kwa sababu uso ni mzuri. Mimi najua kwamba siri ipo kwenye kidole cha mwisho kinachoegemea ubao wakati mkono unavuta mstari wa mgongo kwa pumzi moja. Nilimrekodi mzee wa darasa letu namna hiyo: kidole tu, dakika mbili na nusu. Mwalimu aliniuliza kwa nini sikuonyesha uso. Wachoraji wote walioiona hawakuuliza, walisogea karibu na kioo.

Mwaka 2010 BBC ilianza kuonyesha mfululizo wa katuni za watoto unaobeba jina la Tingatinga, uliotengenezwa Nairobi. Nakumbuka tulivyoona vipande vyake kwenye simu ya mteja, tumekusanyika watu saba kwenye kioo kidogo. Wanyama wenye madoa yetu wanatembea, wanaongea. Furaha ilikuwa kubwa, na ndani yake nikabaki na swali ambalo sikulisema: nani hapa bandani anaweza kumfanya chui wake atembee? Hakuwepo. Mwaka jana, kwenye wiki ya sita ya mafunzo yenu, nilimtembeza wangu. Nilikata miguu ya karatasi, nikaipaka rangi, nikasogeza mguu, nikapiga, nikasogeza tena, nikapiga. Picha 108 kwa sekunde tisa. Anaingia kushoto, anapita chini ya mti, anageuza kichwa. Binti yangu alitaka kuitazama kila siku kabla ya kulala kwa mwezi mzima. Sijui kama kwenye ripoti yenu kuna mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Kuna na upande wa tumbo, ambao wafadhili wenu bila shaka wanauulizia. Mwaka 2020, Korona ilipofunga safari za ndege, bandani palikuwa kimya. Picha zilipangwa ukutani zikageuziwa mgongo vumbi lisizishike. Wakati huo mteja mmoja wa Ujerumani aliyekuwa na namba yangu aliniandikia. Alitaka picha ya viboko, lakini aliwahi kuuziwa kitambaa kilichochapwa kwa mashine, kikaongezwa nukta chache za rangi juu ili kionekane cha mkono. Akaomba nimtumie video nikiichora. Nilimpa simu jirani anirekodi: ikatikisika, kichwa changu kikaziba nusu ya ubao, na aliposogea karibu rangi mbichi ikamulika jua la mlangoni, kila kitu kikawa weupe. Hakununua.

Mwaka huu nilimtafuta tena. Nikaegemeza simu kwenye mguu wa mbao juu ya bega langu la kushoto, nikageuza ubao kidogo ili mng'ao wa rangi mbichi uende pembeni, nikasubiri jua lipande paa. Dakika mbili: kitambaa kinavutwa kwenye fremu, bluu inashuka kwenye nyeupe, mgongo wa kiboko, macho, sahihi. Alilipa kabla picha haijakauka, na alilipa mara tatu ya ninacholipwa na duka. Siku hizi kila picha kubwa ninayouza inaondoka na video yake. Mteja anaichukua kama hati ya nyumba. Kwetu sisi ambao mtindo wetu unaigwa na kuchapwa kila mahali, hiki si kitu kidogo, ni njia ya kusema picha hii nimeichora mimi, siku hii, kwa mkono huu.

Mtaona kwamba yote hayo niliyafanya kwa simu. Kamera mlizotufundishia ni nzuri mno, na siku ya kufunga zilirudi kabatini, kabati likafungwa. Programu ya kuhariri mliyotufundisha inataka kompyuta ambayo hakuna kati yetu anayeimiliki. Kuhariri nilikuja kufundishwa na binti yangu kwa CapCut, jioni mbili tu, kwenye simu yenye ufa kwenye kioo. Ningeomba awamu ya pili ianze na simu tangu siku ya kwanza, maana ndicho kifaa mtu anachorudi nacho nyumbani. Kamera kubwa ziwepo za kuazima: unaandika jina kwenye daftari Ijumaa, unarudisha Jumatatu. Fedha ya kompyuta moja mpya itatosha bando na nauli za watu kadhaa kwa muda wote wa mafunzo, na itawabakiza darasani wale wa Mbagala. Mtufundishe na habari za kibali pia. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 ipo, Bodi ya Filamu ipo, na mwenzetu aliyekwenda kurekodi wavuvi kwa ajili ya zoezi lenu alirudishwa kwa sababu hakuwa na karatasi wala hakujua aiombe wapi.

Lililobaki ni gumu kulisema, na nimelifikiria sana kama niliseme hadharani.

Siku ya mwisho, kabla ya kukabidhiwa vyeti, tulipewa karatasi za kurasa tatu, za Kiingereza, tukaambiwa tusaini. Tulisaini. Vyeti vilikuwa mezani, wageni wameshakaa, wake zetu wamevaa vizuri. Wiki mbili baadaye mtoto wa mwenzetu aliyemaliza kidato cha sita akatusomea. Video zote tulizotengeneza, pamoja na zile ambazo hazikutumika, ni mali ya mradi, na zinaweza kutumiwa mahali popote, kwa jambo lolote, bila kutuuliza. Humo yumo mzee wetu akieleza anavyochanganya kahawia yake ya ngozi ya simba, jambo ambalo alinieleza mimi baada ya kunijua miaka tisa. Humo kimo kile kidole. Nilipomweleza mzee alinyamaza, kisha akauliza, "Na wewe ulijua?" Nikamjibu sikujua. Ni kweli sikujua, lakini ni mimi niliyemshawishi akae mbele ya kamera.

Simtuhumu mtu kwa nia mbaya. Naamini karatasi ile ilinakiliwa kutoka mradi mwingine na haikusomwa vizuri hata kwenu. Lakini tangu niingie bandani nikiwa kijana nimewaona watu wengi wakija na kamera, wanarekodi mikono yetu, wanashukuru, wanaondoka, na hatukuwahi kuona walichorekodi. Tulikuja kwenu kwa sababu mlisema safari hii kamera tutashika sisi. Tulishika, na kilichorekodiwa kikaondoka vilevile.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya kuchora na inalinda kazi ya video. Naomba kwa heshima zote: makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na yatolewe siku ya kwanza, si siku ya vyeti. Video ibaki mali ya msanii aliyeitengeneza, na mradi upewe ruhusa ya kuionyesha kwa shughuli zake. Kila mmoja aondoke na nakala ya vyote alivyorekodi, hata vilivyotikisika. Na sisi wa awamu ya kwanza, 14 wote, wakiwemo wale tisa, turudishiwe vyetu. Ya mzee muifanye kwanza. Kwa wazee kama yeye, ambao sehemu ya wanachokisema ni amana waliyoachiwa, wao ndio waamue kipi kionekane na kipi kibaki kwa wanafunzi wao.

Sharti la umri liondolewe. Fomu iwe ya Kiswahili na iwepo ya karatasi, afisa utamaduni wa manispaa anaweza kutusaidia kuzikusanya. Anayeomba alete picha aliyoichora au kinyago alichokichonga, mkione kwa macho. Na wale akina mama ninaowakuta Mwenge wakipiga msasa na kung'arisha vinyago mchana kutwa, msisahau kuwaita. Awamu ya kwanza hakuwepo hata mmoja, na bila mikono yao hakuna kinyago kinachotoka dukani.

Tangazo linasema maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Ningeomba jibu lenu lije kabla ya hapo, na libandikwe palepale ukutani mlipobandika tangazo, wenzangu wote wasome. Kama mnataka kuzungumza kwanza, njooni siku yoyote ya kazi baada ya saa tisa. Kahawa ipo, na mtakuta rangi ya asubuhi inakauka. Fundi wa chui nimeshamwambia, na amesema akipewa jioni atarudi. Mzee naye huja Jumanne na Alhamisi. Hadibodi yake nyeupe bado tunayo, imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na kila anayetaka kurekodi bandani anaishusha kwanza.

Wenu,

Mchoraji, mhitimu wa awamu ya kwanza
Msasani, Dar es Salaam